Limechakaa

Daktari aliinua picha kwenye mwanga,
akalitazama goti langu kama mtu asomaye bei,
akasema: "Bi Wiesława, limechakaa. Ni umri."
Akaandika vidonge.
Dakika saba. Nilizihesabu,
maana saa ya ukutani ilinitazama kuliko yeye.

Limechakaa.
Neno hilo nalijua kuliko anavyolijua.
Miaka thelathini na moja kiwandani, hapa Łódź,
mitambo mia mbili ikinguruma chini ya paa moja,
tukisemezana kwa midomo bila sauti.
Mwishoni nikapewa kazi ya ukaguzi:
vidole juu ya kitambaa, macho yakitafuta
mahali mtande umelegea, mshindio umekatika.
Kitambaa kilichochakaa hukifikichi,
hukivuti, hukianiki penye upepo.
Unakikunja taratibu, unakitia kabatini,
si kipone, ila kikawie kufa.

Basi nikajikunja.

Ninakaa ghorofa ya nne. Ngazi sitini na nane, lifti hakuna.
Kila ngazi niliiona uzi mmoja unaochomoka gotini.
Nikawa bahili wa nyuzi:
mkate nikamwachia Jagoda wa ghorofa ya pili,
misa nikaiachia redio,
na mplamu wangu, kule kwenye vibustani vya nje ya mji,
ukaangusha matunda miaka miwili
wakala nyigu.
Goti halikushukuru.
Lilivimba, likakakamaa kama mlango wa stoo,
paja likasinyaa hata soksi ndefu zikawa zinateremka.
Nikasema: unaona, kumbe lilichakaa zaidi ya walivyodhani.
Nikapunguza hata kwenda dirishani.

Mjukuu ndiye aliyenipeleka kliniki ya viungo, kwa teksi, kwa ugomvi.
Mtaalamu wa mazoezi alikuwa binti, Dobromira,
kucha fupi, mikono ya baridi, akaomba radhi kwa baridi hiyo.
Kabla hajanigusa akauliza:
"Ulipoambiwa limechakaa, wewe ulielewa nini?"

Sikuwa nimeulizwa hilo na mtu yeyote.
Nikamweleza. Nilimweleza sana,
mtande, mshindio, kabati, nyigu,
hadi mgonjwa wa nje akagonga mlango.
Alikuwa anaandika; akaacha.
Akaweka kalamu mezani.
"Miaka tisa," akasema, "nawaambia watu neno hilo.
Sikujua kwamba nawakabidhi kabati."

Kisha akachukua sifongo ya kufutia ubao,
akailowesha kwenye beseni, akaiminya, akaiachia.
"Gegedu halina mishipa ya damu.
Hula hivi. Ukilikanyagia, linajikamua;
ukiliachia, linakunywa.
Ukikaa tu, linashinda njaa."
Nikamwambia sifongo nazo huchakaa.
Akacheka. "Ni kweli. Lakini hakuna nguo
inayojaribu kujishona usiku. Wewe unajaribu."

Sikumwamini siku ile.
Nilimwamini kidogo Alhamisi ya tatu,
niliponyanyuka kitini bila kushika meza
kisha nikakaa tena, nikarudia,
kwa sababu nilidhani nimekosea.

Asidhani mtu hii ni habari ya muujiza.
Picha ni ile ile. Usiku wa mvua linaniamsha.
Jagoda bado ananiletea mkate siku za barafu,
na mimi bado namlipa kwa jamu.
Ila Septemba hii plamu nimezichuma mwenyewe,
na sasa niko hapa, ngazi ya arobaini,
mkono kwenye chuma cha ngazi, goti linauma,
nami nalisikiliza kama nilivyosikiliza mitambo:
kuna kelele ya kuvunjika,
na kuna kelele ya kazi.

Sijazipambanua vizuri bado.
Mfuko una kilo tatu.
Arobaini na moja.