Mizani ya Posta

Kutwa napima vifurushi vya watu:
soksi za sufu ziendazo Tallinn,
asali, vitabu, kiatu kimoja cha mtoto
ambacho bibi yake alikikuta chini ya kitanda
wageni walipokwisha kuondoka.
Gramu mia tatu na kumi, nasema. Euro nne.
Hakuna anayebishana na mizani.

Jioni, ghorofa ya nne, napima tena.
Mkate mweusi, gramu arobaini.
Jibini, kipande chembamba kinachopitisha mwanga.
Kiazi kimoja. Kiazi hakina haya,
kinakaa katikati ya sahani
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Naandika katika daftari la marehemu Arvo,
lile alilohesabia mafuta ya gari:
mbele lita zake, nyuma kalori zangu,
na kati yetu kurasa tupu, sijui za nani.

Elfu moja na mia tano, alisema Daktari Kaljuste,
goti lako litakushukuru, Maimu.
Goti halijasema kitu.
Zamani lilipanda ngazi kwa kulalama,
sasa linapanda kimya.
Labda ndiyo shukrani yake.

Mwanzoni nilidhani njaa ni moja.
Kuna ile ijayo televisheni ya jirani ikizimwa.
Hiyo haitaki kiazi.
Inakwenda hadi kwenye friji, inafungua mlango,
inasimama pale miguu pekupeku.
Ilichokuwa inataka ni ile taa.

Kuna ya Jumapili, Triinu akishakata simu
huko Perth ambako kwao ni usiku tayari
na mtoto wake anaongea lugha nisiyoifuata.
Hiyo hudai chokoleti, tena hudai mbili,
na nikishaila
bado imekaa mkao ule ule, mikono mapajani.

Na kuna ya tumbo.
Hiyo nimeidanganya kwa tarakimu.
Februari, baridi ya kung'oa masikio,
nimevuka daraja kwa miguu na kikombe cha chai tupu,
nikasoma mia saba na themanini
nikaandika mia nane na sabini.
Mzee Uibo akainama dirishani:
"Mama, jana nilikipima nyumbani.
Usiku hakijanenepa."
Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka,
nikaona vidole vyangu vinatikisa kalamu.
Mficha njaa, mikono humuumbua.

Leida hakusema neno. Alinisukumia mkate wake,
dagaa wa chumvi, yai, siagi ya kutosha kuacha alama za meno.
Nikala stoo, nimeketi juu ya gunia
la barua ambazo wenyewe wamehama.
Nilikula kama mtu anayesikiliza.
Mahali fulani kabla ya kipande cha mwisho
kitu ndani kikasema, basi,
kwa sauti ya chini sana. Ningekuwa nahesabu
nisingeisikia.

Usiku nikaandika: elfu moja mia saba na sitini.
Sikufuta. Sikujitukana.
Nikapiga mstari, kama Arvo alivyokuwa akipiga
baada ya safari ndefu.

Siku hizi, njaa ikibisha, naiuliza kwanza:
utakula kiazi baridi, bila chumvi?
Ya tumbo hujibu ndiyo kabla sijamaliza.
Zile nyingine hugeuza uso.
Yenye kutaka taa, naiwashia taa ya jikoni,
nakaa nayo. Mara nyingine inaondoka.
Mara nyingine tunakula chokoleti, mimi na yeye, na daftari linajua.

Ya Jumapili niliiandikia barua.
Kurasa tatu, gramu kumi na tisa pamoja na bahasha,
niliipima mwenyewe, stempu nikalipa.
Baada ya wiki tatu Triinu akapiga simu:
Mama, nani huandika barua siku hizi?
Halafu akanyamaza. Halafu akasema
ameisoma mara mbili, jikoni, amesimama.

Nilipokata simu nje kulikuwa bado kweupe.
Nikachemsha kiazi cha pili.
Nilikuwa na njaa.