Shubiri, Goti, Kiuno

Baba aliipima baruti kwa mizani ya sonara,
punje kwa punje, katika chumba cha chini
ambamo hata jiko halikuruhusiwa kuwashwa.
Maganda ya shaba yalisimama ubaoni, midomo wazi,
kama makinda.
Alipoyalisha, alizuia pumzi.

Kaliba mia tatu thelathini na nane.
Risasi nene kama kidole changu cha mwisho,
na teke ambalo liliniachia bega la zambarau
wiki nzima ya shule, pale Choteau.
"Hii," alisema Orrin Haugland, baba yangu,
"inaua mbali kuliko mtu anavyoona.
Ubaya wake ndio huo."

Daftari lake lilinuka mafuta ya bunduki.
Wenzake waliandika inchi.
Yeye, ili nielewe, alipima kwa mwili:
yadi mia mbili, palepale ulipolenga;
mia tatu, imeshuka shubiri;
mia nne, goti;
mia tano, kiuno;
mia sita, kimo chake na kofia kichwani;
mia saba,
yeye, nami nimeketi mabegani mwake.

Baada ya mia nne alipiga mstari wa wino mwekundu kwa rula.
Juu ya mstari aliandika: nyama.
Chini yake: chuma.

Na chuma alikipiga kweli. Bamba jeupe ng'ambo ya bonde,
yadi elfu nzima: alifyatua,
akaondoa jicho kwenye darubini, akajikuna pua,
tukahesabu moja, mbili, tatu, nne,
ndipo ngeee ikarudi, nyembamba,
kama kijiko kilichodondoka nyumba ya jirani.

Novemba nilipokuwa na miaka kumi na minne
elki dume alijitokeza juu ya mawe, ubavu mzima,
pembe zake mti uliopukutika.
Binamu Torvald akasoma kipimaumbali:
"Mia saba na kumi na mbili. Ami, hii unaiweza."
Nyasi za kwetu zililala mashariki.
Nyasi za bondeni zilikimbia magharibi.
Za kule alikosimama, nani ajuaye?

Baba alilala kifudifudi, akamtazama kwa muda mrefu.
Kisha akavuta komeo,
risasi ikaruka, ikazama kwenye theluji
ikatoboa tundu dogo, la buluu.
"Ni sekunde moja njiani," akasema.
"Nitakuwa nimempiga aliyesimama.
Atakayepigwa ni aliyekwisha kupiga hatua."
Torvald alitema mate. Hakusema na sisi hadi garini.

Tulitambaa kumsogelea, magoti yakalowa,
na tulipofika mia nne hapakuwa na kitu
ila kinyesi, bado kikifuka moshi.

Mama ndiye aliyenieleza, akimenya viazi, baba hayupo:
yadi mia sita, miaka kabla sijazaliwa,
risasi ileile, ujana wake.
Alifuata damu siku mbili.
Usiku wa pili theluji ikaanguka ikafuta maandishi yote.
Mwezi Aprili kunguru wakamwonyesha.
Alirudi na pembe, akazizika nyuma ya zizi,
na rula akainunua wiki hiyo.

Ile risasi niliichimbua kwa vidole siku ile, bila ya yeye kuona.
Ninayo. Kitako chake hakina alama ya pini.
Shaba imekuwa nyeusi, ila mahali ninapoigusa.

Sasa mizani ni yangu, na chumba, na bega.
Vijana wa Torvald huja na darubini zenye betri
zinazowahesabia kila kitu: baridi, mwinuko, unyevu,
hata mzunguko wa dunia.
Sizidharau. Zinajua risasi itakapofika.
Nawauliza tu elki atakuwa wapi,
nao hucheka, wakidhani nimewatania.

Mwaka huu nimeuchora mstari upya,
rula ileile, wino ni wa dukani, mwekundu zaidi:
mia tatu.
Shubiri.
Macho yangu si yake.