Ubavu wa Kushoto

Bedford iko juu ya mawe, gereji ya Gofu,
haina kabini, haina injini, haina aibu:
chasisi tupu, mihimili miwili na mataruma sita,
samaki aliyeliwa ikabaki miiba.

Bi Mwanahija Semhando amesimama langoni,
mkoba kwapani, kiti hakitaki.
"Libebe machungwa ya Muheza msimu huu," anasema,
"si mwakani."
Nikamwambia kutu haina kalenda.
Akanitazama mpaka nikashika brashi ya waya.

Kusugua. Siku mbili, kusugua.
Kwanza buluu ya marehemu kaka yake,
chini yake kijani cha shamba la mkonge,
chini yake nyekundu ya kiwandani
ambayo sijui nani aliwahi kuiona nzima,
na ndani ya mfereji wa chuma, singa,
zimegandia grisi, ngumu kama ndevu za beberu.

Injini ikiumwa hupiga kelele, utaitibu.
Chasisi huuma meno.

Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta,
nikanyunyiza unga wa chaki, nikangoja.
Mstari mweusi ukajitokeza taratibu
kama mtu anayekiri.
Ulianzia ukingoni mwa bamba la zamani,
mraba, nene, limechomelewa pande zote nne,
na pembeni, kwa patasi: H.K.

Mbwana, zima grenda kidogo.

Hoza Kihiyo.
Ndiye aliyenifundisha kushika rodi,
ndiye aliyenizaba kofi kwa mkono wenye glavu
siku niliyouliza kwa nini ncha za bamba
tusizikate mshazari.
"Chuma ni chuma. Kinene kinashinda."
Nikakubali. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na njaa.

Gari likipanda Amani na mzigo
mihimili hupinda, hurudi, hupinda,
na palipokazwa ghafla ndipo panapochanika.
Kiraka hakichaniki katikati;
huchanika kando, pale nguo ilipobaki nguo.
Kila fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Nne
analijua hili.
Mwalimu wangu hakulijua.
Miaka thelathini bamba lake limekaa pale, zima, zuri,
likiula ubavu ule ule liliouokoa.

Nilimkata jioni.
Nililikata, nataka kusema.
Cheche zikaruka hadi kwenye magunia ya muuza mkaa,
akatutukana kwa Kisambaa, tukastahili.
Weldi yake ilikuwa magamba ya changu, yamepangana,
hakuna lililomzidi mwenzake.
Mstari kama ule mimi sijauchoma hata leo.

Kisha, mwisho wa ufa, nikatoboa tundu.
"Unatoboa gari langu?"
Ndiyo, mama. Ufa una ncha ya wembe;
ukikuta mviringo hauoni pa kushika.
"Kaka yangu angekufukuza."
Labda.

Bamba jipya nimelikata kama jani la mkonge,
refu, limechongoka huku na huku,
limelala tumboni mwa mhimili
bila kugusa mdomo wa juu wala wa chini.
Bolti kumi na mbili, kwenye matundu
ya ribiti za kiwandani yaliyokuwa yananingoja.
Weldi sikuweka. Mkono ulitaka.

Nikapanda juu ya chasisi, nikaruka mara tatu.
Ikanesa, ikarudi.
Bi Mwanahija akafungua mkoba, akaufunga,
akauliza kuhusu springi za nyuma.

Bamba la zamani liko chini ya jeki,
lisizame mchangani.
Hapo linafaa: jeki haitaki kitu kinachopinda.
Herufi nimezielekeza juu.
Mbwana anauliza ni za nani.

Nipe spana ya kumi na tisa, nikamwambia.