Umepokea kwa Nani

Fomu ya kuombea uprofesa ina kurasa kumi na tisa.
Naijazia darini, Mkomani, pembe ya kaskazini,
mahali pekee nyumba hii inaposhika mtandao,
kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa.
Badi, mwana wa kaka yangu, ananisomea simuni:
Makala, thelathini na nane.
Mara ulizonukuliwa, elfu moja mia moja na sita.
Shangazi, hii h yako ni kumi na nne. Nzuri au mbaya?
Namwambia ni kama mwezi mwandamo,
inategemea nani kauona.

Kuna makala moja ya mwaka niliorudi,
kuhusu kimeng'enya kinachosukuma chumvi
kwenye jani la mchu.
Hiyo peke yake imenukuliwa mara mia nne na kumi na mbili.
Badi anapiga mluzi.

Sijamwambia kwamba ni ya makosa.
Umeme ulikatika siku mbili, jokofu likatoka jasho,
nami nikapima kilichokwisha kufa
nikasema ndivyo kinavyoishi.
Kundi moja la ng'ambo liligundua mwaka wa tatu.
Tangu hapo kila anayeshika jani na chumvi
huanza na mimi:
Kinyume na Shekuwe.
Tofauti na alivyodai Shekuwe.
Licha ya Shekuwe.
Nimekuwa kizingiti, kila aingiaye hunikanyaga,
na fomu inahesabu nyayo,
haiulizi kama zilikuwa na matope.

Ile niliyoipenda, ya magome ya mkandaa,
miaka sita ya kusaga, kuchuja, kungoja,
imenukuliwa mara nne.
Mara mbili ni mimi mwenyewe.
Mmoja kakosea jina, kaniita Shekwe.
Wa nne namshukuru, ingawa sidhani kama aliisoma.

Baba hakuwa na habari na protini.
Alisomesha chuoni, Langoni,
na kila kitabu alikipokea mdomo kwa mdomo,
kwa fulani, naye kwa fulani,
mpaka majina yakavuka bahari yakaingia Hadhramaut.
Nilipomletea makala yangu ya kwanza
alivaa miwani, akaigeuza, akaanzia mwisho,
akapita marejeo arubaini na saba kwa kidole
kama avutaye tasbihi.
Na hili la chumvi, umepokea kwa nani?
Ni utafiti, Baba.
Naam. Kwa nani?

Kwa Lali Bwanaheri, mkata boriti wa Ndau,
matope magotini, shoka begani,
aliyenivutia tawi asubuhi akasema, Lamba.
Adhuhuri akanirudisha kwenye jani lile lile.
Haya, lamba tena.
Ulimi wangu ulijua kabla ya mashine,
kisha nikaisadiki mashine.
Ndani ya makala ameandikwa hivi:
mkata boriti mmoja, mazungumzo.
Mmoja.

Jokofu lilikosea, nami nikakosea nalo.
Yeye hakukosea.
Wale wa ng'ambo, walipokwisha kunisahihisha,
kwa vipimo vyao na michoro yao ya rangi,
walifika pale pale alipokuwa amesimama
na hawajui kuna mtu.

Ukurasa wa kumi na saba: Waandishi wenza.
Naandika Lali Bwanaheri.
Maandishi mekundu: jina halitambuliki, weka namba ya mtafiti.
Jaribu herufi kubwa, asema Badi.
LALI BWANAHERI.
Hatambuliki vilevile, ila sasa kwa sauti.

Ukurasa wa mwisho: Maelezo ya ziada, si lazima,
herufi mia mbili, nafasi zikihesabiwa.
Nimepokea kwa Lali Bwanaheri wa Ndau.
Zimebaki mia moja sitini na tatu.
Kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma.

Badi ameinama begani kwangu, anasoma polepole,
anauliza:
Na yeye je, alipokea kwa nani?