Tasnifu ya Rafu ya Chini

Wakaguzi wanne walishuka kutoka Tbilisi
na theluji mabegani, Jumanne ya Februari,
kuja Kutaisi kupima kama uzamili wetu wa uhandisi wa maji
unastahili kuitwa uzamili kwa miaka saba mingine.

Mimi, Lamzira, karani wa idara,
nilikuwa nimetoboa karatasi elfu mbili na mia tatu,
nikazipanga katika majalada kumi na manne ya buluu:
mitaala, majedwali, wasifu wa walimu,
hojaji ambamo wanafunzi wote kumi na mmoja
wameridhika, wameridhika, wameridhika sana.
Hita moja tu ilikuwa nzima. Nikaielekeza kwa wageni.

Malengo ya masomo mnayapimaje?
Mkuu wa idara akajibu kwa sentensi tuliyoikariri pamoja
usiku wa kuamkia siku hiyo, hadi saa nne.
Nje Mto Rioni ulipita na rangi yake ya chai ya maziwa,
haukuulizwa kitu.

Kisha yule mwembamba, Bi Tsiala,
ambaye asubuhi nzima hakugusa jalada hata moja,
akafunga kalamu yake.
"Tasnifu zenu bora nimekwisha kuziona," akasema.
"Chema chajiuza. Nileteeni mliyoikataa."

Ukimya ulioingia pale
ungeweza kutobolewa matundu mawili
na kuwekwa kwenye faili.

Nani huanika nguo chafu siku ya wageni?
Katika faharasa yangu kufeli hakukuwa na ukurasa.
Mkuu akanitazama, mimi nikaitazama sakafu,
lakini miguu yangu ilikuwa imeshajua njia:
rafu ya chini, nyuma ya boksi la taa mbovu,
kurasa tisini na sita zilizofungwa kwa kamba ya katani.
Uthabiti wa ukuta wa bwawa dogo la mlimani.
Mwandishi, Malkhaz.
Msimamizi, Profesa Nugzar, mjomba wake.

Wino mwekundu tangu ukurasa wa tatu.
*Namba hii umeitoa wapi?*
*Kipimo cha Machi hakipo. Nenda tena.*
*Nenda tena.*
*Umekisia. Chini ya ukuta huu kuna watu wamelala.*
Na mwishoni, bila salamu, bila undugu:
*Haijafaulu.* Tarehe. Sahihi.

Profesa alikuwa ameketi pembeni, koti mwilini,
akitazama viatu vyake kama ndiye aliyefeli.
Sikuwaambia wageni
kwamba dada yake hajamkaribisha mezani tangu mwaka ule,
kwamba Malkhaz anauza vigae Batumi
na akiliona gari la mjomba huvuka barabara.
Viashiria vya ubora ni ishirini na saba, nilivihesabu.
Hayo hayana safu.

Bi Tsiala alisoma dakika arobaini.
Kahawa ikafanya utando. Wenzake wakakohoa, wakaangalia saa.
Alipomaliza aliifuta vumbi kwa kiwiko cha sweta
akailaza juu ya majalada yangu yote kumi na manne.

Ripoti ilifika Mei.
Ithibati kwa masharti: miaka mitatu, si saba.
Hita zitengenezwe.
Hojaji ziwe na nafasi ya kulalamika.
Na huko ndani, ukurasa wa thelathini na nane,
mstari mmoja, mtu asiye makini angeuruka:
"Jopo limeona ushahidi kwamba idara hii inajua kusema hapana."

Nikampelekea Profesa nakala.
Aliusoma mstari huo amesimama, miwani kwenye paji la uso,
akaomba kalamu yangu, ile nyekundu,
akalizungushia duara neno *inajua*,
na pembeni, kwa mwandiko ule ule, akaandika:
*Kwa gharama gani? Fafanua.*