Kimeng'enya Chenye Udhu

Wawi, saa nne asubuhi, kiwandani wanapika makonyo.
Moshi wake huingia maabara bila hodi,
hukaa kwenye mikono ya koti langu,
kwenye daftari, kwenye chai.
Mimi niko chumba cha nyuma, na friji moja na feni mbovu,
nasubiri kitu nisichokiona kife,
au kisife.

Kimeng'enya ni mtoto wa maji.
Ndani ya maji hujikunja chenyewe,
asidi amino mia tatu na kumi na saba kwenye uzi mmoja,
na katikati mwanya mdogo, mdogo mno,
ambamo yujenoli ya karafuu huingia ikiwa hivi
ikatoka ikiwa vingine.
Lakini mafuta ya karafuu hayaelewani na maji.
Yanataka asetoni,
ile ile inayofuta rangi kwenye kucha za bi harusi.
Na asetoni ina kiu.
Hukivua kimeng'enya lile joho jembamba la maji
lililokizunguka tangu kizaliwe.
Robo saa tu, kimefumuka,
kimelala chini ya chupa, cheupe,
kama ute wa yai lililotokota.

Miezi saba nimeandika neno hilo: kimefumuka.
Faki anasema niandike kifupi, K, niokoe wino.

Basi tukaanza kukosea makusudi.
Tukavuruga herufi za jeni, tukawapa bakteria wasome,
kila mmoja akasoma kosa lake.
Sahani kumi na mbili, vishimo tisini na sita kila moja,
na katika kila kishimo kimeng'enya kilichosukwa tofauti kidogo.
Umeme ukakatika usiku wa Alhamisi.
Nikabisha kwa Bi Mize, jirani, nikiwa na kanga ya kulalia.
Akafungua jokofu lake, akatoa barafu zote za ukwaju
alizowagandishia watoto wa skuli.
"Wadudu wako hao," akauliza, "wanakula nini?"
Nikazipanga sahani katikati ya vifuko, tabaka juu ya tabaka,
nikalala sakafuni, kichwa karibu na boksi,
kama mwenye mgonjwa.

Bibi yangu wa Kojani alikuwa akisuka mikeka.
Mwaa mkavu hakuugusa.
Aliuchovya kwanza, akauacha unywe,
ndipo akaukunja, ukakubali.
"Mkavu hukatika," aliniambia, "na wewe utalaumu mkono."
Nilikuwa na miaka sita. Nililaumu mkono.

Jumamosi tukatia asetoni.
Jumamosi, saa nane, sahani ya tisa, safu ya C, kishimo cha saba:
manjano.
Si manjano ya kubahatisha. Ya bizari.
Faki akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Tukasoma jeni yake: makosa mawili.
La kwanza limefunga daraja la salfa kati ya ncha mbili
zilizokuwa hazijuani.
La pili liko nje kabisa, kwenye ngozi:
palipokuwa pakikimbia maji,
sasa panayashika.

Miezi saba nikidhani kazi yangu ni kukikausha,
kukizoesha ukame.
Kumbe kilitaka tone lake tu, lisiloonekana,
kitembee nalo sokoni katikati ya vitenguzi vyote
kama mtu mwenye udhu
anayepita akikunja nguo zake, hamgusi mtu.

Kiliishi saa kumi na moja.
Kisha nacho kikafumuka. Nikaandika K.
Kiwanda hakiwezi kulipia saa kumi na moja;
meneja alitaka siku tatu, na anazitaka bado.
Bi Mize nimemlipa barafu zake, kasoro mbili
zilizopasuka juu ya daftari,
na ukurasa wa matokeo hadi leo unanata.

Nimeosha chupa. Mikono yangu imepauka,
asetoni imeondoka na mafuta yake.
Adhana ya alasiri inasikika kwa mbali, na mfereji unatoka kwa kusitasita.
Nakinga viganja.
Ngozi inakunywa kwanza,
ndipo inanikumbuka.