Kilo Mia Mbili

Baba hahesabu kwa shilingi, anahesabu kwa kilo.
Nilipomtajia mshahara, laki nne na themanini,
aliinua macho kwenye mabati,
akagawa kwa bei ya mnada wa pili,
akasema: kilo mia mbili.
"Kwa mwezi?" Kwa mwezi.
"Bila kupiga salfa?" Bila salfa.
"Bila kuokota?"
Naokota, baba,
ila ninachookota hakishikiki.

Utamwelezaje Mfaume Chilumba
kwamba hata maneno yana mnada?
Kwamba mtu akiandika "hoteli nzuri", huko aliko,
kabla hajapepesa jicho
masanduku ya zabuni yameshafunguliwa,
mwenye dau nono amesimama mbele,
na mimi ndiye niliyemshika mkono?
"Na wewe kwenye mnada huo," akauliza,
"ni mkulima au mnunuzi?"
Labda karani wa ghala, nikasema.
Napima mizigo ya watu.
"Karani wa ghala ana nyumba ya bati la rangi.
Yako iko wapi?"

Mwezi uliopita nilitumia milioni tisa.
Za wenye hoteli, za chuo, za muuza vigae,
nilizitoa neno kwa neno, usiku,
saa ambazo bando ni rahisi.
Halafu yakaja makato yangu:
kodi, pensheni,
na hilo bando nililojinunulia mwenyewe,
ambalo ofisi ya Dar inaliita mchango wa mtumishi.
Baba aliposikia makato akaamka kabisa,
kama aliyeitwa kwa jina lake.
Ushuru. Gunia. Chama cha msingi. Unyaufu.
Tukaketi tukitajiana makato
kama watu wanaotajiana marehemu.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni,
Newala yote imejifunika.
Nikaandika, kwa wivu tu:
mtu wa kazi yangu hulipwa kiasi gani?
La kwanza kutokea lilikuwa tangazo.
*Jifunze ujuzi unaolipa. Nafasi ni chache.*
Maneno yangu. Niliyatunga mwezi wa tatu,
nikiwa na deni la sukari dukani kwa Nanjota.

"Nini hiyo?" Baba akanyoosha mkono
kabla sijamzuia,
kidole gumba kilichoungua kwa mafuta ya maganda,
kisicho na mistari tena,
ambacho mashine ya vitambulisho ilikikataa mara tatu.
Kioo kikakikubali.
Umeshatumia shilingi mia nane, baba.
"Za nani?"
Za chuo.
Akakitazama kile kidole, akakigeuza upande wa pili.
"Miaka arobaini," akasema,
"hakuna aliyewahi kuniambia bei yake."

Asubuhi, kwenye ripoti: Newala, mbofyo mmoja.
Bosi akaandika: Newala ndiyo wapi?
Iondoe, wanatumalizia hela.
Nikaweka kishale juu ya jina la kwetu.
Nikakaa hapo, chai ikapoa.
Kisha nikafungua ukurasa mweupe,
nikaandika *Yah: Mshahara*,
nikaanza na kilo.